Sibanetiki ya mwanzo: ni nini hasa kilichovuka kati ya hisabati, mitambo, mwili na lugha?

Mwanahisabati_Chipukizi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninasoma hisabati chuoni, na kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia kazi za Norbert Wiener wa MIT, ambaye mwaka 1948 alichapisha kitabu kuhusu udhibiti na mawasiliano katika mnyama na katika mashine, kitabu kilichoipa sibanetiki jina lake. Ndani yake nimekuta mizinga ya kutungulia ndege, mgonjwa ambaye mkono wake unaipita sigara anayojaribu kuichukua, mashine za kukokotoa, na nadharia ya ujumbe unaopita katika waya wenye kelele. Nimesoma pia kwamba kati ya mwaka 1946 na 1953 wakfu wa Macy uliitisha nchini Marekani mikutano kumi chini ya uenyekiti wa Warren McCulloch, na kwamba mwanahisabati John von Neumann aliketi humo pamoja na wanaanthropolojia Margaret Mead na Gregory Bateson, wataalamu wa ubongo na wanasaikolojia.

Ninachotaka kuelewa ni hiki: je, hii ilikuwa sayansi moja yenye matokeo yake yenyewe, au lilikuwa jina moja lililotandazwa juu ya fani ambazo kila moja ingeendelea na kazi yake hata bila jina hilo? Kama kuna kitu kilichovuka kweli kutoka fani moja kwenda nyingine, naomba mnionyeshe ni kitu gani, kwa kiwango ambacho mwanafunzi wa hisabati anaweza kukihakiki kwa kalamu. Uhusiano kati ya mitambo na mwili ninauona kwa mbali. Uhusiano wa lugha na mambo haya siuoni kabisa.

Mhandisi_Udhibiti

Ndugu, karibu jukwaani. Nitajibu upande wa udhibiti, kwa kuwa ndio ninaoufanyia kazi, na wengine watajazia.

Mrejesho hasi, yaani kuyarudisha matokeo ya mfumo mwanzoni mwake ili yalipunguze kosa lake, ulikuwepo muda mrefu kabla ya Wiener. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell alichapisha makala kuhusu vidhibiti mwendo vya injini, akichunguza kwa nini baadhi ya vidhibiti hivyo, badala ya kuutuliza mwendo wa injini, huufanya uyumbe juu na chini kwa kiasi kinachozidi kukua. Jibu lake lilikuwa la kihisabati: yote hutegemea kama sehemu halisi za mizizi ya mlinganyo unaoueleza mfumo ni hasi au la. Mwaka 1927 Harold Black, mhandisi wa maabara za Bell aliyeshughulikia amplifaya za simu za masafa marefu, aliona kwamba ukiirudisha sehemu ya mawimbi yanayotoka hadi pale yanapoingilia, yakiwa yamegeuzwa ishara, unapoteza nguvu ya ukuzaji lakini unapata mawimbi yasiyopotoka. Mwaka 1932 Harry Nyquist, wa maabara hizo hizo, akatoa njia ya kutambua kama kitanzi cha namna hiyo kitatulia au kitaanza kupiga mluzi, bila kulazimika kuutatua mlinganyo wote.

Umeomba kitu cha kuhakiki kwa kalamu, nami nakupa. Chukua mfumo unaosahihisha kosa lake hatua kwa hatua, ambapo kila hatua kosa linapimwa na kiasi kinacholingana na kosa hilo mara k kinaondolewa, hivyo kosa jipya ni kosa la zamani mara (1 − k). Anza na kosa la 10. Ikiwa k ni 0.5 utapata 5, kisha 2.5, na mfumo unatulia. Ikiwa k ni 1.8 utapata −8, kisha 6.4, kisha −5.12: lengo linavukwa kila mara, lakini kuyumba kunapungua. Ikiwa k ni 2.2 utapata −12, kisha 14.4, na kosa linakua bila kikomo ingawa kila hatua ilikusudiwa kulipunguza. Mpaka ni k = 2. Sasa uucheleweshe mfumo, yaani kila hatua ulisahihishe kosa kwa kutumia kipimo cha hatua iliyotangulia badala ya kipimo cha sasa. Tatua mlinganyo wake wa daraja la pili na utakuta kwamba mpaka umeshuka hadi k = 1. Marekebisho ambayo yalikuwa salama kabisa yamegeuka kuwa hatari kwa sababu tu habari imechelewa kufika.

Hilo ndilo Wiener alilolibeba kutoka kwenye mitambo. Mwaka 1940 na 1941 yeye na mhandisi Julian Bigelow walikuwa wakitafuta namna ya kuielekeza mizinga ya kutungulia ndege. Kombora la mzinga huchukua sekunde nyingi kuifikia ndege iliyo juu, kwa hiyo mpigaji hana budi kulenga mahali ambapo ndege itakuwa, si ilipo. Rubani naye hawezi kupinda njia yake apendavyo, kwa kuwa ndege na mwili wake mwenyewe vina mipaka. Kwa hiyo njia iliyopita inabeba habari fulani kuhusu njia ijayo. Wiener aliitazama njia hiyo kama mfululizo wa kitakwimu, akatafuta kichujio kinacholipunguza kabisa wastani wa mraba wa kosa la ubashiri. Andrei Kolmogorov alikuwa amechapisha huko Urusi mwaka 1941 nadharia iliyo sawa nayo kwa kiasi kikubwa, bila mmoja kujua kazi ya mwenzake.

Kama silaha, chombo cha Wiener na Bigelow hakikufaa, kwa sababu hakikuvishinda kwa kiasi cha kuridhisha vyombo rahisi zaidi vya kijiometria. Kazi iliyoilinda London dhidi ya makombora ya Wajerumani ya V-1 mwaka 1944 ilifanywa na rada ya SCR-584, kikokotoo cha M-9 na fyuzi inayolipuka inapokaribia shabaha. Hata hivyo, katika kuandika milinganyo ile walilazimika kumweka binadamu ndani ya kitanzi, rubani upande mmoja na mpiga mzinga upande wa pili, kama sehemu zenye ucheleweshaji na ukuzaji wake. Hapo ndipo walipomuuliza Arturo Rosenblueth, mwanafiziolojia kutoka Mexico, kama kuna ugonjwa ambao mtu akijaribu kuchukua kitu mkono wake unaanza kuyumba bila kudhibitika. Rosenblueth akajibu kwamba upo, ni mtetemo unaotokea wakati wa tendo lenye kusudi, na kwamba aghalabu unahusiana na jeraha la serebelamu, yaani ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa. Mwaka 1943 watatu hao walichapisha makala fupi wakidai kwamba tendo lenye kusudi linaweza kuelezwa kwa mrejesho hasi, katika mnyama na katika mashine vilevile.

Kwa hiyo kwa maoni yangu kilichovuka ni sharti la uthabiti. Si picha ya mwili kama mashine, ambayo ni ya kale. Ni hesabu inayosema lini kitanzi kitatulia na lini kitayumba, na ambayo haibadiliki hata kidogo iwapo kitanzi kimejengwa kwa chuma, kwa valvu za redio au kwa neva.

Tabibu_Fiziolojia

Ninakubaliana na Mhandisi kwa sehemu kubwa, ila naomba nitetee fani yangu kidogo, kwa sababu wasomaji wengi hudhani kwamba wanabaiolojia walisubiri kufundishwa udhibiti na watu wa mitambo.

Claude Bernard wa Ufaransa alikwisha kueleza katika karne ya 19 kwamba uhai wa mnyama hutegemea kudumu kwa mazingira ya ndani ya mwili. Walter Cannon wa Harvard aliliendeleza wazo hilo katika miaka ya 1920, na kitabu chake cha mwaka 1932 kinaeleza kwa kina jinsi sukari, chumvi, maji na joto la damu vinavyorudishwa kwenye kiwango chake kila vinapopotoka. Rosenblueth alifanya kazi na Cannon kwa miaka mingi, na ndiyo maana swali la Wiener lilimkuta akiwa tayari. Kilichokosekana kwa Cannon ni muda. Alieleza vizuri nini kinarudishwa na kwa njia ipi, lakini hakuwa na chombo cha kueleza kwa nini udhibiti wenye viungo vyote vizima unaweza kuyumba. Mgonjwa mwenye jeraha la serebelamu ana misuli yenye nguvu, ana macho yanayoona, na anajua anachotaka. Fiziolojia ya viungo kimoja kimoja haikuweza kusema ni nini hasa kimeharibika.

Ushahidi ulio bora zaidi wa kile unachokiuliza, ndugu Chipukizi, ulikuja baadaye na kwa kimya. Mwaka 1956 Edwin Umbarger alionyesha kwamba bakteria wa E. coli anapokuwa na isolusini (asidi amino, kijenzi cha protini) ya kutosha, isolusini hiyo yenyewe inakizuia kimeng'enya kilicho mwanzoni mwa njia ya kuitengeneza, na kichwa cha makala yake kiliitaja hali hiyo waziwazi kuwa ni mrejesho hasi. Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod wakachapisha maelezo yao ya jinsi jeni zinavyowashwa na kuzimwa na vizuizi vinavyotokana na jeni nyingine. Huko baiolojia ilikuta kitanzi halisi, chenye molekuli zinazoweza kutajwa kwa majina na kupimwa.

Lakini kuna upande ambao haukuzaa. Wengi walitumaini kwamba nadharia ya habari, yaani hesabu ya kupima kiasi cha habari katika ujumbe, ingeufumbua msimbo wa jeni. George Gamow, mwanafizikia, alitoa pendekezo lake mwaka 1954, na wenzake wakabuni misimbo mingi mizuri kimahesabu, mingine ya kupendeza mno. Ufumbuzi ulitoka kwenye maabara ya kemia: mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei waliweka RNA (molekuli inayobeba maagizo ya jeni) yenye herufi U peke yake ndani ya mchanganyiko wa seli zilizopondwa, wakapata mnyororo wa fenilalanini, asidi amino nyingine. Hakuna fomula ya entropia, kile kipimo cha nadharia ya habari, iliyohitajika. Ninalitaja hili kwa uchungu kiasi, kwa sababu neno habari liliendelea kutumika katika baiolojia kwa miaka mingi bila mtu kueleza anapima nini, na nadhani huo ndio mpaka wa kweli wa sibanetiki: pale ambapo milinganyo ilisafiri, kazi ilifanyika, pale ambapo msamiati ulisafiri peke yake, watu walibaki wakikubaliana juu ya maneno.

Von Neumann aliliona hilo mapema. Mwishoni mwa mwaka 1946 alimwandikia Wiener kwamba wamechagua kuanza na kitu kigumu kuliko vyote, yaani mfumo wa neva wa binadamu, na akapendekeza washuke hadi kwenye virusi, viumbe vidogo vya kiasi ambacho mtu anaweza kutumaini kuvielewa chembe kwa chembe.

Mwanahisabati_Chipukizi

Nawashukuru sana. Nimeutatua mlinganyo wenye ucheleweshaji na kweli mizizi inafikia duara lenye nusu-kipenyo 1, lililo mpaka wa kutulia, pale k inapofika 1. Hoja ya Tabibu kuhusu milinganyo na msamiati imenifungua macho, na sasa inanifanya niulize kwa mkazo zaidi kuhusu lugha. Je, huko pia kuna mlinganyo uliosafiri, au ni neno mawasiliano tu lililotumika kwa maana mbili?

Mwanaisimu_Pwani

Ndugu Chipukizi, mlinganyo upo, na ulianza safari yake katika lugha kabla ya kwenda kwenye simu na mizinga.

Mnamo Januari 1913 mwanahisabati Andrei Markov aliwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya St Petersburg hesabu aliyoifanya kwa mkono juu ya herufi 20,000 za mwanzo za Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin. Aliondoa nafasi zote kati ya maneno, akaacha pia zile alama mbili za Kirusi zisizotamkwa, kisha akahesabu irabu na konsonanti. Alipata irabu 8,638, sawa na 0.432 ya herufi zote. Kisha akauliza: herufi iliyotangulia ikiwa irabu, uwezekano wa kwamba inayofuata nayo ni irabu ni kiasi gani? Akapata 0.128. Iliyotangulia ikiwa konsonanti, akapata 0.663. Kama herufi zisingetegemeana, namba zote mbili zingekuwa karibu na 0.432. Markov hakuwa na haja na Pushkin kama mhakiki wa fasihi. Alitaka kuonyesha kwamba sheria ya namba kubwa inafanya kazi hata kwa matukio yanayotegemeana, na lugha ilimpa mfululizo mrefu wa matukio ya namna hiyo, uliokwisha kuandikwa na ambao yeyote anaweza kuuhakiki.

Mtu anayesema Kiswahili anaweza kulifanya jambo hilo mara moja, na atashangaa. Chukua methali "Mwenda pole hajikwai". Ina herufi 18, irabu 8 na konsonanti 10. Irabu saba zina herufi inayozifuata, na ni mara moja tu, katika "ai" ya mwisho, ambapo inayofuata ni irabu nyingine. Konsonanti zote kumi zina herufi inayozifuata, na mara saba ni irabu; mara tatu zilizobaki ni "mw", "nd" na "kw", yaani pale ambapo tahajia yetu inaandika silabi kwa konsonanti mbili. Methali moja haithibitishi chochote, bila shaka, lakini ukichukua kurasa za gazeti utaona jinsi muundo wa silabi zetu, ambazo aghalabu huishia kwenye irabu, unavyoutoa mnyororo wa Markov, yaani mfululizo ambao kila alama inategemea zilizotangulia, ulio mkali kuliko ule wa Kirusi.

Sasa ona mlinganyo ulivyosafiri. Mwaka 1948, mwaka ule ule wa kitabu cha Wiener, Claude Shannon wa Bell alichapisha nadharia yake ya kihisabati ya mawasiliano. Humo chanzo cha ujumbe si mtu mwenye nia. Ni mnyororo wa Markov unaotoa alama moja baada ya nyingine kwa uwezekano unaotegemea zilizotangulia, na entropia ndiyo kipimo cha kiasi ambacho alama ijayo bado haijulikani. Shannon alikiri katika makala hiyo deni kubwa alilonalo kwa Wiener. Ukilinganisha na maelezo ya Mhandisi utaona kwa nini: Wiener alikuwa akiuliza, nikiijua njia ya ndege hadi sasa, ni kiasi gani cha sehemu ijayo ninakijua, na Shannon aliuliza swali hilo hilo kwa herufi. Hapo ndipo mtungua ndege na msomaji wa barua wanapokuwa na kazi moja.

Shannon alilijibu pia kwa vipimo. Ukichukua herufi 26 za Kiingereza pamoja na nafasi, na kudhani kwamba zote zina uwezekano sawa, kila alama ingebeba biti 4.75 hivi (biti moja ni habari ya jibu moja la ndiyo au hapana). Katika makala ya mwaka 1951 alimkalisha mtu mbele ya maandishi yaliyofichwa, akamtaka abashiri herufi inayofuata akiwa ameziona zilizotangulia, na kutokana na idadi ya makisio alikadiria kwamba pale herufi 100 zinapojulikana, entropia inashuka hadi kati ya biti 0.6 na 1.3 kwa herufi. Sehemu kubwa ya kile tunachoandika imelazimishwa na tulichokwisha kuandika. Ninaliona hili kuwa moja ya matokeo mazito kuliko yote yaliyowahi kupatikana kuhusu lugha, na lilipatikana na mtu wa simu.

Hata hivyo mimi ni mwanaisimu, na siwezi kuiacha hadithi hapo. Mnamo Septemba 1956, katika kongamano lililofanyika MIT, Noam Chomsky alionyesha kwamba mnyororo wa namna hii, hata ukirefushwa kiasi gani, hauwezi kuwa sarufi ya Kiingereza, kwa sababu lugha huruhusu utegemezi mmoja kupachikwa ndani ya mwingine bila kikomo cha kisarufi. Kwetu jambo hili linaonekana wazi zaidi, kwa sababu ya upatanisho wa ngeli. Tazama sentensi hii: "Kitabu ambacho mwalimu aliyewafundisha watoto waliotoka kijijini alikinunua kimepotea." Kiambishi "ki-" cha "kimepotea" kinatawaliwa na "kitabu" iliyo mwanzoni kabisa. Kati yao "mwalimu" amedai "a-" yake mara mbili na "watoto" wamedai "wa-" yao. Mnyororo unaokumbuka herufi chache zilizopita umekwisha kukisahau kitabu kitambo. Nawe unaweza kuongeza kishazi kingine ndani, na kingine tena, hadi msikilizaji achoke. Uchovu huo ni wa kumbukumbu yake, sarufi haijavunjwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni kwamba mlinganyo ulivuka, ukapima kitu cha kweli, kisha ukafika mahali ambapo lugha yenyewe iliukataa. Naona heshima kubwa katika kukataliwa huko, kwa sababu nadharia isiyoweza kukataliwa na data haijasema kitu.

Msomaji_wa_Historia

Naongeza machache tu, kwa kuwa mjadala umekuwa wa Marekani zaidi. Katika Umoja wa Kisovyeti sibanetiki ilishambuliwa magazetini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kamusi ya falsafa ya mwaka 1954 iliiita sayansi bandia inayopinga maendeleo. Mwaka 1955 wanahisabati Sergei Sobolev na Aleksei Lyapunov pamoja na Anatoly Kitov, aliyekuwa mhandisi wa jeshi, walichapisha makala ya kuitetea katika jarida la falsafa, na kufikia mwaka 1959 kulikuwa na baraza rasmi la sibanetiki chini ya Axel Berg. Chini ya mwavuli huo wanaisimu wa hisabati walipata nafasi ya kufanya kazi, na hata wanajenetiki waliokuwa wameonewa wakati wa Trofim Lysenko, mtaalamu wa kilimo aliyeipinga jenetiki, walipata mahali pa kusemea.

Upande wa lugha, msisimko wa pande zote mbili uliongezwa na jaribio la tarehe 7 Januari 1954 mjini New York, ambapo Chuo Kikuu cha Georgetown na IBM walitafsiri kwa kompyuta sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwa kutumia maneno 250 na kanuni sita za sarufi. Wiener mwenyewe hakuwa na matumaini hayo. Mwanahisabati Warren Weaver alipomdokezea mwaka 1947 kwamba kutafsiri huenda kukawa sawa na kufumbua msimbo wa siri, Wiener alijibu kwamba mipaka ya maana ya maneno katika lugha mbalimbali haina uhakika wa kutosha kwa kazi hiyo.

Mwanaisimu_Pwani

Nashukuru kwa nyongeza hiyo, Msomaji. Naomba nirudi kwa jambo moja ambalo nililiruka, nalo linaunganisha neva na lugha kwa karibu zaidi kuliko Markov na Shannon.

Mwaka 1943 McCulloch na Walter Pitts, ambaye alikuwa na umri wa miaka 20 hivi, waliandika makala ambamo seli ya neva inachukuliwa kuwa kitu chenye hali mbili tu, inapiga au haipigi, na inapiga pale tu ambapo idadi ya misisimko inayoifikia inatimiza kizingiti chake na hakuna neva inayoizuia. Walionyesha kwamba mitandao ya seli kama hizo inaweza kutekeleza hoja za mantiki. Kama maelezo ya ubongo, makala hiyo ilikuwa nyepesi mno. Mwaka 1959 wao wenyewe, pamoja na Jerome Lettvin na Humberto Maturana, walionyesha kwamba jicho la chura linafanya uchambuzi mkubwa kabla ya ubongo kupata chochote. Lakini swali la kihisabati lilibaki: mtandao wa namna ile unaweza kutambua mifuatano gani ya matukio, na ipi hauwezi kuitambua?

Stephen Kleene alilijibu katika ripoti ya mwaka 1951 iliyochapishwa mwaka 1956. Mifuatano inayotambulika ni ile inayoweza kujengwa kutoka kwenye alama kwa njia tatu: kufuatanisha, kuchagua kati ya mbili, na kurudia mara yoyote. Leo kila mtu anayetafuta neno kwenye maandishi kwa ruwaza anatumia matokeo hayo. Ken Thompson aliyaingiza kwenye programu ya kutafutia maandishi na kuieleza mwaka 1968.

Mtandao wa namna hiyo ni mashine yenye hali zenye ukomo, yaani mashine isiyokumbuka chochote zaidi ya hali iliyomo kati ya hali zake zinazohesabika, nayo ndiyo ile Chomsky aliyoikatalia sintaksia, yaani muundo wa sentensi. Katika mofolojia, yaani muundo wa maneno, hata hivyo, imefanikiwa ajabu. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Finland alitoa modeli yake ya ngazi mbili inayotumia mashine hizo kuchambua maneno, na mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alieleza jinsi alivyoitumia kuchambua Kiswahili. Tazama kwa nini inafaa. Kitenzi "hawatanipigia" ni njia moja ndani ya mtandao: ha-, kisha wa-, kisha ta-, kisha ni-, kisha mzizi pig-, kisha -i-, kisha -a. Kuna hata utegemezi wa mbali: tunasema "wanaenda" lakini "hawaendi", ambapo "ha-" ya mwanzo inaifukuza "na-" na kudai "-i" mwishoni. Mashine inalazimika kukumbuka kwamba ilianza kwa ukanushi, na inalikumbuka hilo kwa kuwa katika hali tofauti, basi. Ni kumbukumbu ya ndiyo au hapana, na kwa hiyo ina ukomo. Neva za mwaka 1943, ambazo hazikuueleza ubongo kwa usahihi, zinakieleza kitenzi chetu.

Mwanahisabati_Chipukizi

Mwalimu, hili ndilo nililokuwa nikilitafuta. Nina swali moja la mwisho. Kiswahili kinarudufisha: "anatembeatembea", "alichekacheka". Kurudufisha ni kunakili mfuatano mzima, nami nadhani mashine yenye hali zenye ukomo haiwezi kunakili mfuatano wa urefu wowote. Je, hapo haivunjiki?

Mwanaisimu_Pwani

Dhana yako ni sahihi, na uthibitisho wake ni mfupi. Chukulia kwamba mashine ina hali n, na kwamba inakubali kila mfuatano ulioandikwa mara mbili, na hakuna kingine. Andika mifuatano tofauti yenye urefu mmoja, ambayo idadi yake inazidi n. Mashine ikisoma kila mmoja mara moja, lazima miwili kati yake, tuiite u na v, iiache katika hali ile ile, kwa kuwa hali hazitoshi. Kwa vile inaikubali u ikifuatwa na u, itaikubali pia v ikifuatwa na u, ambayo haikuandikwa mara mbili. Kwa hiyo mashine kama hiyo haipo.

Kinachoiokoa kazi ya Kiswahili ni kwamba hatunakili mfuatano wowote tu. Tunanakili mashina yaliyomo kwenye kamusi, na idadi yake ina ukomo, kwa hiyo kila shina linaweza kupewa njia yake ya pili ndani ya mtandao. Gharama yake si ndogo, kwa sababu kinachorudufishwa hubeba na vinyambuzi vyake: tunasema "alipigwapigwa", si "alipigapigwa", na hivyo mtandao unahitaji njia mbili kwa "piga", nyingine kwa "pigwa", nyingine kwa "pigana", na kadhalika kwa kila unyambulishaji ambao shina hilo linauruhusu. Wachambuzi wengi huitenga hatua hii: mtandao unakisia mahali ambapo neno linaweza kugawanyika, kisha programu ndogo ya nje inalinganisha nusu mbili herufi kwa herufi. Ukitaka kulijaribu mwenyewe, anza na vitenzi vichache vya silabi mbili, orodhesha unyambulishaji wake wa kutendwa, kutendana na kutendesha, uhesabu hali ambazo mtandao unahitaji kabla ya kuingiza urudufishaji na baada yake.